Zulia la Plastiki Juu ya Majani Yangu

Ulikuwa mwaka ule tuliokula shuwa, ile nyama ya kuokwa shimoni, ya kuku badala ya mbuzi. Maradhi yalifunga njia na soko la mbuzi la Nizwa, basi Idi tukafukia kuku shimoni kama watu waliolaaniwa. Mwanangu kazini hendi, kutwa yumo uani anatafuta cha kutengeneza.

Nyuma ya nyumba jua halifiki. Huko nilipanda majani yangu ya kutambaa, mgongo kijani na fedha, tumbo zambarau, yamefunika ardhi yote wala hayapukutiki hata joto la mwezi wa saba. Sikusoma mie, lakini mimea naijua. Unakata pingili, unaibonyeza udongoni kwa kidole, basi. Maji yake ni ya udhu. Tu watu saba, sala tano, na bomba la pale tunapotawadhia nimelielekeza kule.

Njia zilipofunguliwa nikaenda kwa dada yangu, mjini Bahla, siku tatu. Narudi, nakuta zulia la plastiki, majani ya bandia, limepigiliwa misumari juu ya mimea yangu.

"Sasa safi, Mama," mwanangu akasema. "Halitaki hata maji."

"Na maji ya udhu yanakwenda wapi?"

Akaokota nyundo yake, akaingia ndani. Bomba hakuligusa.

Wiki ya pili zulia likaanza kunuka. Paka wa mtaa mzima wakaligeuza choo. Ukikanyaga, maji ya kahawia yanakupanda vidoleni. Mjukuu wangu wa kike akaja, kashika buibui juu, kaziba pua.

"Bibi, huku kafa nani?"

"Muulize baba yako, ndiye aliyezika."

Tukalinyanyua kwa koleo. Majani yangu yamekuwa uji mweusi, unavutika kama kamasi, mende wanaogelea ndani. Nimelea watoto sita, uchafu wa kila namna nimeushika, lakini siku ile nilitapika tende na kahawa yangu yote.

Tulilitupa. Ukingoni tukapata pingili nane zenye uhai. Nimechutama nazipanda, mwanangu huyo anatoka madukani Firq, zulia jipya begani.

"Lile lilikuwa bovu, Mama. Hili lina matundu. Wageni watakaa hapa."

"Plastiki haitandikwi hapa nikiwa hai."

"Linapitisha maji, Mama. Halitonuka. Njoo uliguse tu."

Nikabonyeza pingili ya mwisho, nikamtazama.

"Plastiki haitandikwi hapa nikiwa hai."