Amri ya Hifadhi na Hakiki

Saa nne na dakika ishirini asubuhi ya Jumanne, bosi wetu aliingia na bili ya simu, akaiweka juu ya kibodi ya mwenzangu wakati vidole vyake vikiwa bado kwenye herufi. Skrini ilijaa herufi moja mpaka nilipoinyanyua ile karatasi. Ilikuwa shilingi laki tatu na themanini. Mwezi uliotangulia tulilipa elfu hamsini na kitu.

"Mama, huyo bwana wa Dar anaitwa nani?" bosi aliuliza.

"Bwana gani, bosi? Simu ina kufuli. Ufunguo unao wewe."

"Mchonga funguo wa pale sokoni anatoza mia tano tu."

Akamwambia kwamba kila mwisho wa mwezi atamkata elfu kumi na tano, na kwamba bili ya tatu ikija ya namna hiyo asirudi kazini. Mwenzangu alikuwa mwanamke wa Nansio, mama wa watoto watatu, mpiga chapa hodari kuliko mimi. Hakulia. Aliuliza tu kama anaweza kuendelea, maana alikuwa katikati ya ukurasa.

Ofisi yetu ilikuwa mtaa wa Mirongo, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la nyavu. Tulipiga chapa, tulitoa nakala, na katika miaka ile ya soko huria bosi aliongeza chochote kilicholeta fedha: yeye mwenyewe alishinda Magu akinunua pamba, sisi tukabaki na kompyuta mbili. Kiwanda kimoja cha minofu ya sangara kilitaka tovuti ili wanunuzi wa nje waone bidhaa na kujaza fomu za oda. Bosi akaagiza mfumo wa kujengea tovuti kutoka kampuni ndogo ya ng'ambo. Ilikuja CD moja na kitabu cha maelekezo cha Kiingereza, kurasa mia moja na kumi. Ndani ya mfumo mlikuwa na vipande vilivyokwisha kuandikwa, vichwa, orodha, fomu, na kazi yetu ilikuwa kuvipanga na kuvijaza. Tovuti yenyewe ilikaa kwenye kompyuta kubwa Dar es Salaam. Tuliifikia kwa laini ya simu, kupitia modemu iliyofungwa chumbani kwa bosi. Sauti ya modemu aliizima siku ya kwanza, akisema inalia kama paka mbele ya wateja.

Kitabu nilikisoma mimi. Nilimaliza darasa la saba, nikawa karani wa mizani kwenye ghala la pamba, na ghala lilipofungwa nilijifunza taipureta na baadaye kompyuta kutoka kwenye vitabu vya maelekezo, kwa kuwa sikuwa na mwalimu mwingine. Kwa hiyo nilikuwa na imani na vitabu vya aina hiyo. Ukurasa wa kumi na nne ulisema kwamba ukimaliza kuandika, utumie amri ya Hifadhi na Hakiki. Ndivyo nilivyomfundisha mwenzangu, nikaongeza la kwetu: asingoje kumaliza, aitumie kila mstari. Umeme ulikatika bila taarifa, na hapakuwa na mpiga chapa mjini aliyeandika mistari miwili bila kuhifadhi. Ndiyo ilikuwa nidhamu yetu. Anayepoteza ukurasa mzima alichekwa wiki nzima.

Mwezi wa pili bosi aliweka kufuli la pili. Bili ikaja laki nne kasoro. Akakata tena elfu kumi na tano, akamwambia, "Bado moja." Mimi nilikisoma kitabu upya tangu jalada hadi jalada, nikitafuta mahali tulipokosea. Sikuona kosa, nikanyamaza. Jambo hilo linaniudhi mpaka leo: nilimwamini mwenye kitabu, ambaye sijawahi kumwona, kuliko mwanamke niliyekaa naye meza moja miaka miwili.

Wiki ya tatu ya mwezi uliofuata, bosi akiwa Magu, mlango wake uliachwa wazi ili sakafu ikauke. Nikiwa nimesimama pale niliona taa nyekundu ya modemu ikiwaka, ikazimika. Muda mfupi baadaye ikawaka tena. Nikageuka kumtazama mwenzangu.

"Umefanya nini sasa hivi?"

"Nimehifadhi."

"Hifadhi tena."

Taa ikawaka.

"Kaka, mbona umekodoa macho hivyo? Kuna nyoka?"

Nilichukua daftari na saa. Kuanzia saa tano kamili hadi saa sita kamili yeye aliandika kama kawaida, mimi nikaandika dakika ya kila mwako. Katika saa moja modemu ilipiga simu Dar es Salaam mara thelathini na moja. Amri ile ilihifadhi hapa na kuhakiki kule, na kila uhakiki ulikuwa simu ya masafa ya mbali. Kitabu hakikusema hivyo popote. Kurasa tatu zilieleza namna ya kubadili rangi ya vitufe. Gharama ya kubonyeza amri yenyewe haikupewa hata mstari mmoja.

Jioni nilifungua mafaili ya mfumo moja baada ya jingine. Katika faili la mipangilio palikuwa na neno moja lililoelekeza ukaguzi ufanyike mbali. Nililibadili, nikachomoa waya wa simu, nikabonyeza. Ukaguzi ulifanyika kwenye kompyuta yetu wenyewe kwa sekunde nne. Njia ilikuwapo tangu siku ya kwanza. Walioijenga waliijua, wakaona haina haja ya kuandikwa.

Niliandika ukurasa uliokosekana, hatua tisa, nikampa mwenzangu aufuate bila kuniuliza kitu. Alikwama hatua ya pili.

"Umeandika nichomoe waya. Waya upi? Ipo mitatu huku nyuma."

"Wa simu. Si unajulikana?"

"Unajulikana na wewe."

Nikaurekebisha. Alikwama tena hatua ya sita, na kwa haki. Ukurasa ulikamilika mara ya nne, naye akaufuata mpaka mwisho huku anakula muhogo.

Niliutafsiri kwa Kiingereza changu cha kamusi, nikautuma kwa barua pepe kwa wenye mfumo, pamoja na orodha ya dakika. Jibu lilikuwa na mistari miwili. Walishukuru, kisha wakasema mtumiaji yeyote anafahamu kwamba ukaguzi hufanyika kwenye kompyuta kuu. Niliandika tena. Nikawauliza huyo mtumiaji yeyote anaishi wapi, na simu yake analipiwa na nani. Nikawaeleza kwamba hapa yupo mtumiaji mmoja anayeitwa mwizi kwa sababu ya ukurasa wa kumi na nne. Hawakujibu. Miezi mingi baadaye lilikuja toleo jipya la kitabu. Onyo langu lilikuwamo, limefupishwa kuwa mistari minne, limewekwa kwenye nyongeza, ukurasa wa mia moja na kumi na nane. Ukurasa wa kumi na nne haukuguswa.

Bosi aliporudi nilimketisha mbele ya modemu. Mwenzangu akabonyeza mara tano kwa mpangilio wa zamani, taa ikawaka mara tano. Nikabadili lile neno, akabonyeza mara tano, taa haikuwaka. Bili ya mwezi ule ilipokuja bado ilikuwa kubwa, maana siku ishirini za mwanzo zilikuwa zimeshapita kabla hatujagundua, na alimkata mara ya tatu.

"Basi utabaki," alimwambia.

"Na hela yangu, bosi?"

"Si Profesa hapa," akanielekezea kidole, "amethibitisha kosa ni la kitabu? Mdaini mwenye kitabu."

Bili iliyofuata ilikuwa elfu hamsini na mbili. Bosi aliisoma, akaitia mfukoni. Mwenzangu alifanya kazi pale miaka minne zaidi na hakuwahi kuombwa radhi. Kila kompyuta mpya ilipoingia alibandika ubavuni mwake ule ukurasa wa hatua tisa kabla hajaiwasha. Alikatwa miezi mitatu, elfu kumi na tano kila mwezi, na hakurudishiwa chochote: shilingi elfu arobaini na tano.