Ua la Aliyeshuka Bondeni

Nilipokuwa mtoto, mtu wa nyumbani kwetu hakushuka Bonde la Rukwa bila kupandiwa ua. Sijui kama Wafipa wote walifanya hivyo au ni bibi yangu peke yake, maana bibi yule alikuwa na mambo yake. Bibi Yustina, mama yake baba, alisali rozari kila jioni na misa ya Jumapili haikumpita. Lakini mtu akianza kufunga mzigo wa kwenda Mtowisa, kule bondeni, yeye alichukua jembe akaenda kuchimba kishimo uwanjani.

Sisi watu wa huku juu tuliliogopa bonde. Kwetu Mazwi, mwezi wa sita, maji ya kunawa asubuhi yanauma vidole. Kule chini kuna joto, mbu, na homa ambayo mwili wa mtu wa baridi haujaizoea. Ila mpunga uko huko, na baba alishuka kila mwaka kuwavunia watu, akirudi na mchele wa kutufikisha Krismasi.

Ua lenyewe ni lile ambalo siku hizi wauza miche wa mjini wanaliita vabena. Lina shina jembamba gumu, ukilipapasa unasikia pembe nne, na juu kuna vichwa vidogo vya zambarau ambavyo vipepeo hawaviachi. Bibi alilipanda palipochomwa na jua kuliko pote, katikati ya uwanja, kwenye udongo wa changarawe, mbali na kivuli cha nyumba. Alilinywesha siku chache mpaka lishike mizizi. Baada ya hapo maji yalikuwa mwiko.

"Skola, hili usilipe maji," aliniambia mwaka ule nilipokuwa na miaka minane. "Baba yako yuko kwenye joto. Acha nalo lizoee jua pamoja naye. Ukilinywesha, unamlegeza."

Nikaitikia. Kuitikia nilikuwa najua sana. Kusikia ndiko kulikonishinda.

Kiangazi kilikuwa kikali. Upepo ulipeperusha vumbi kutwa nzima, na mchana majani ya ua la baba yalijikunja. Mimi nilikuwa mtoto wa baba, sifichi. Nilipoyaona majani yale niliona ni yeye mwenyewe ana kiu huko aliko na hakuna wa kumpa maji. Basi kila asubuhi nikitoka kisimani, kabla bibi hajatoka jikoni, nilimimina kopo moja. Kesho yake mawili. Jioni nikaongeza na maji ya kusuuzia vyombo. Siku za mwanzo majani yalinyooka, nikajiona mjanja kuliko bibi.

Wiki ya pili yakaanza kugeuka manjano kutoka chini. Shina likawa jeusi karibu na ardhi. Mchana mmoja ua lote likalala, kama limekanyagwa na ng'ombe.

Jioni ileile alifika Deusi, jirani yetu aliyekuwa akivuna pamoja na baba. Alikuwa amepanda na lori la mpunga. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwenzako yuko wapi?"

"Nimemwacha zahanati. Homa imempanda. Anatoka jasho mpaka godoro linalowa, utadhani kamwagiwa maji."

Nilikuwa nyuma ya bibi. Hakuna aliyeniambia kitu, lakini mimi nilimjua aliyekuwa akimwaga maji. Mama hakuuliza maswali mengi. Alifunga nguo na unga wa ulezi, na kabla jua halijachomoza akaondoka na lori lilelile kwenda kumuuguza mumewe. Tukabaki bibi na mimi.

Kulipopambazuka bibi alitoka kuliangalia ua. Akachuchumaa, akachomeka kidole kwenye udongo, akakitoa na tope. Aligeuka kunitazama. Nilisubiri fimbo, na kwa kweli niliitamani.

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya juzi, bibi."

Alikaa chini, kwenye vumbi, na kanga yake safi. Kisha akasema, "Lete kisu."

Nilipokileta hakukipokea. Alinishika mkono, akauweka kwenye shina, juu ya weusi, pale kilipoishia kijani cha urefu wa shubiri. "Kata hapa."

"Bibi, nitamuua."

"Mkono ulionywesha ndio utakaokata. Kata, Skola."

Nikakata. Mpaka leo nikifumba macho nausikia ule mchakacho mdogo. Tukakichimbua kisiki, tukaondoa mizizi iliyooza, tukakipanda upya kwenye udongo mkavu uliochanganywa na changarawe na majivu, palepale kwenye jua kali. Ikabaki kungoja.

Sijawahi kukitazama kitu kama nilivyokitazama kile kijiti. Ugali niliuacha sahanini. Jioni bibi aliisalia rozari uwanjani badala ya ndani, na mimi niliitikia Salamu Maria huku macho yangu yako chini. Simu za mkononi zilikuwa hazijatufikia, kwa hiyo habari za bondeni tulizitafuta kwenye kijiti kile, na kijiti kilinyamaza.

Asubuhi moja, pale jani la zamani liliposhikana na shina, nikaona vitone viwili vya kijani, vidogo kama punje za ulezi. Nilitaka kumwita bibi, nikasita. Niliogopa. Haukuwa woga wa kuchapwa. Ulikuwa ule wa kanisani wakati wa mageuzo, padri akiinua hostia, nawe unainua kichwa kidogo uchungulie na moyo unakwambia kiinamishe. Nilipiga magoti pale kwenye changarawe hadi bibi akanikuta, naye akapiga magoti.

Baba alirudi na mama baadaye, amekonda, suruali imefungwa kwa kamba. Alitusimulia kwamba alikuwa ameshakata tamaa, kisha asubuhi moja akaamka shuka ni kavu. Mama akataja ilikuwa siku gani. Ilikuwa kesho yake baada ya kukata. Nilimtazama bibi, naye alikuwa anachambua maharage kana kwamba hakusikia.

Leo nina bustani yangu mtaa wa Majengo, mjini, na vabena ninayo tele. Najua kwamba mizizi yake huoza kwa maji mengi na kwamba ukiikata huchipua. Najua pia kuwa baba aliponywa na dawa za zahanati. Zile siku kulingana, sina maelezo yake, na nimeacha kuyatafuta.

Lakini miaka mingi baada ya kiangazi kile, bibi akiwa mzee kabisa na mimi mtu mzima, nilimuuliza kwa mzaha, "Bibi, lile ua lingekufa ungefanyaje?"

"Ningepanda jingine kabla hujaamka," akasema. "La babu yako lilikufa mara mbili. Nikapanda jingine mara mbili. Alirudi mzima, wala hakujua."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"La baba yako mdogo, Sabas, lilichanua kuliko yote," akaendelea. "Lilikuwa limejaa vipepeo siku waliyoniletea maiti yake kutoka bondeni."

Nilijua kwamba baba mdogo alifia huko kabla sijazaliwa. Habari za ua lake sikuwahi kuzisikia. Nikapiga hesabu taratibu: yaani siku zile zote tulizokodolea macho kijiti kile, bibi alikuwa anajua tayari kwamba ua linaweza kuchanua na mtoto akafa. Alijua, na akapiga magoti pamoja nami.

"Sasa kwa nini uliendelea kupanda, bibi?"

Alinitazama kwa huruma, jinsi mtu anavyomtazama asiyeelewa jambo jepesi.

"Watoto wanashuka bondeni, mjukuu wangu. Ulitaka nikae tu?"

Siku hizi na mimi ni mama, mkubwa wangu ataondoka nyumbani muda si mrefu, na mche wa vabena nimeshautenga.