Mashine Iliyosaga Hewa

Nilikwenda kununua mashine ya kusaga nafaka, si kusikiliza historia. Lakini mzee mwenye mashine hakukubali nifungue hata boliti moja kabla hajasimulia, nami najua muuzaji mwenye maneno mengi bado hajaamua kuuza.

Baba yake ndiye aliyeileta pale njia tatu zinapokutana, wakati ni pori tupu. Wateja walichoka kurudi makwao na mizigo, wakajenga. Akaja fundi cherehani, likaja duka. Serikali haikuwahi kupaita kijiji, basi wakajiwekea mpaka wao: mlio wa mashine. Anayeusikia asubuhi ni mwenzao, atachangia msiba na atachangiwa. Kulikuwa na bwana mmoja wa mlimani ambaye kila siku ya mchango upepo ulimgeukia, hasikii kitu.

Baadaye barabara ya lami ilipita mbali, watu wakaifuata. Mke wa mzee akafa. Watoto walishaondoka.

Nilizima mashine, iliyokuwa ikinguruma tangu nifike, nikafunua mawe. Yalikuwa yamelika mpaka mifereji yake imetoweka. Mawe huwa hivyo yakizungushwa bila nafaka.

“Mzee, unasaga nini humu?”

“Naiwasha tu asubuhi.”

“Kwa ajili ya nani?”

“Shemeji yangu bado yupo, ng'ambo ya bonde. Nikikuuzia, yeye atakuwa mkazi wa wapi?”

Nikamwonyesha ubovu wa mawe, nikashusha bei. Akakataa, tukabishana kwa muda mrefu. Mwishowe shemeji huyo, mjane wa kaka yake, akatokea mlangoni, anahema.

“Imezimika ghafla! Nikasema shemeji kafa, niwahi urithi.”

“Urithi upi? Masizi haya?”

Akacheka, kisha akaketi juu ya gunia tupu. “Uza, shemeji. Binti yangu anakuja kunichukua Jumapili. Siku zote hizi natafuta namna ya kukuambia.”

Mzee alijifuta mikono kwenye suruali, ingawa hakuwa ameshika kitu.

“Chukua,” akaniambia.

Nilikuwa na nafasi ya kushusha bei tena. Sikuitumia, maana nilimhitaji kwenye kupakia. Boliti alizifungua mwenyewe, akazifunga kitambaani zisipotee.

Alipomaliza kukaza kamba, aliuliza gari litapita wapi. Nikamwambia bondeni.

“Basi mpandishe shemeji mbele, amechoka.”

Yeye alibaki. Nilimwona kwenye kioo akifunga chumba cha mashine kwa kufuli, na ndani hamkuwa na cha kuibwa.