Mwelu na Kijiti cha Gia Boksi

Mwelu wa Mitaboni hakuwa mtu wa kubembeleza watu waelewe. Ukimwuliza kitu atakujibu mara moja. Ukiuliza tena, atakutazama kuanzia viatu mpaka kofia, kisha aendelee na kazi yake. Ndiyo maana wanaume wa sokoni walisema ana kiburi. Kiburi anacho, hakuna wa kukataa. Lakini yeye alikipata kwa jasho, wao walizaliwa nacho bure.

Miaka kumi na tisa alikaa kwenye gereji moja mjini Machakos. Alianza kwa kuuzia mafundi uji. Kisha akawa anaosha vipuri kwa mafuta taa. Mwishowe akawa anafungua na kufunga gia boksi kwa mikono yake mwenyewe, kwa sababu fundi mkubwa, Mutua, alikuwa na macho mabovu na hakutaka wateja wajue. Mutua alipokea shukrani, Mwelu alipokea oili kwenye nguo. Siku ya kumzika Mutua, watu walisimama mmoja mmoja kutaja magari aliyoyafufua. Mwelu akakaa nyuma na leso yake, akihesabu yale ambayo marehemu aliyagusa kweli. Hayakumaliza vidole vya mkono mmoja.

Baada ya hapo akarudi nyumbani, akafuga kuku, akaingia mwethya. Huo ulikuwa mwethya wa wanawake ishirini na mmoja, waliokuwa wakichimbiana matuta ya mashamba kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Walichimba na kuweka akiba mpaka wakanunua gari ndogo ya mizigo, ya otomatiki, ili maharagwe yao yafike soko la Marikiti kule mjini bila kupitia kwa madalali wa barabarani. Ile gari ndiyo iliyowatoa kwenye mikono ya madalali. Bila hiyo wangerudi pale pale, kusimama juani na kuambiwa maharagwe yao yana vumbi.

Dereva wakampata Henry. Henry aliendesha lori miaka thelathini, na hakupitisha siku bila kukukumbusha. Alivaa koti la kaki hata wakati wa jua kali, na alizungumza na wanawake wa mwethya kama mtu anayezungumza na mizigo.

Mwezi wa tano gari ikaanza vituko. Ukiweka D, inakaa kwanza kana kwamba inafikiria, halafu inaruka. Kwenye mlima injini inalia na gari haiendi. Henry akasema otomatiki ni gari za watu wavivu. Akaja dalali mmoja kutoka upande wa Katelembo, kijana anaitwa Rodgers, viatu vimechongoka kama kalamu. Akaizunguka gari mara mbili, akapiga gurudumu teke, akasema gia boksi imekufa, ila yeye kwa huruma anaweza kuichukua hivyo hivyo. Mwenyekiti wa mwethya, Kaluki, akashtuka. Akaitisha mkutano wa Jumamosi, wanachama wakubaliane kuuza.

Habari hiyo ilimfikia Mwelu Alhamisi, akiwa anawapa kuku maji. Ijumaa asubuhi alikuwa kwa Henry kabla dereva hajamaliza chai.

"Nionyeshe unavyopima oili ya gia," akasema.

Henry akacheka. "Mama, wewe nenda ukapime mayai."

"Mayai nimeshapima. Fungua bonati."

Akafungua, ili amwonyeshe. Gari ilikuwa imesimama kwenye mteremko wa boma lake, pua chini, jiwe limewekwa mbele ya gurudumu, kama magari yote ya milima hii yanavyolala. Injini ilikuwa baridi, haijawashwa tangu jana. Henry akachomoa kile kijiti cha kupimia, akakiinua juu kama padri na mshumaa.

"Ona. Imejaa mpaka inapita alama. Sasa utaniambia nini?"

"Umepima hivi tangu lini?"

"Tangu inunuliwe. Kila asubuhi. Mimi si dereva wa juzi."

"Najua. Hata kosa lako si la juzi."

Akageuka akaenda zake. Henry alibaki na kijiti mkononi, oili ikidondokea koti la kaki.

Kwa Kaluki alieleza mara moja tu, kama kawaida yake. "Oili ya injini unapima injini ikiwa imezimwa. Hiyo anaijua, ndiyo aliyopima kwenye lori lake. Ya gia ya otomatiki ni kinyume. Injini ikiwaka, oili inapanda inajaza matumbo yote ya gia. Ukizima, inarudi chini yote, unaiona nyingi. Ni kama kisima chenye pampu. Pampu ikizimwa maji yote yamerudi, unasema kisima kimejaa, na huku watu juu hawana maji. Tena yeye amepima pua ikiwa chini."

"Kwa hivyo haijafa?"

"Sijui. Bado sijaona. Rodgers ndiye anayejua bila kuona. Mimi nataka mahali tambarare."

Na Mitaboni mahali tambarare ni pa kutafuta. Maboma yako kwenye miteremko, na hata barabara ya dukani imelala upande. Uwanja wa kanisa pekee ndio uliosawazishwa, na mkutano ulikuwa hapo hapo. Jumamosi Rodgers alipoona gari inaingizwa kanisani, akawaambia wanaume waliokaa ukutani, "Huyu mathe wa mwethya analeta gia boksi misa." Wakacheka sana. Wanaume hao hawakuwa wanachama, wala hawakuwa na kazi, lakini maoni walikuwa nayo ya kutosha kijiji kizima.

Mwelu alimwambia Henry aendeshe mpaka njia panda na kurudi, dakika ishirini, gari ipate moto. Iliporudi ikilia, akamwonyesha asimame katikati ya uwanja.

"Usizime. Kanyaga breki. Sasa pitisha gia zote, pole pole, kila moja ikae kidogo. R. N. D. Hizo za chini pia. Rudisha P."

Henry alifanya huku ametazama pembeni, kama mtu aliyetumwa dukani na mtoto.

Mwelu akachomoa kijiti, akakipangusa kwa kipande cha shuka kisichotoa nyuzi, akakirudisha mpaka mwisho, akachomoa tena. Wanawake wakasogea. Kijiti kilikuwa kimelowa nchani tu, chini kabisa ya alama ya kupimia gari ikiwa baridi, na ile ya gari ikiwa na moto ilikuwa mbali huko juu.

"Hiyo ndiyo imejaa mpaka inapita," akamwambia Kaluki, wala hakumtazama Henry.

Akaifutia oili kwenye kitambaa cheupe, akanusa.

"Sasa anaonja," Rodgers akasema.

"Njoo unuse na wewe, kijana. Njoo. Umesema imekufa, njoo unuse maiti."

Rodgers hakuja. Kaluki ndiye aliyenusa. Oili ilikuwa nyekundu iliyoanza kufifia, kama chai ya rangi.

"Ingekuwa nyeusi na inanuka kama ugali ulioungua, ningewaambia muuze leo," Mwelu akasema. "Hii imechoka, haijaungua."

Akapiga magoti, akaingiza kichwa chini ya rejeta. Alikaa huko mpaka watu wakaanza kutazamana. Alipotoka alikuwa ameona paipu ya oili ya gia, pale inapoingia kwenye rejeta, imelowa na kushika vumbi zito. Klipu imelegea. Akaikaza kwa bisibisi.

Hapo Henry akakumbuka kwamba yeye ni dereva. Akaleta kopo alilokuwa amelificha chini ya kiti. "Niko na oili hapa. Tujaze tumalize."

"Hiyo ni ya injini."

"Oili ni oili, mama."

"Na wewe na Rodgers ni wanaume, lakini mwenye leseni ya gari ni mmoja tu," Mwelu akasema. Safari hii waliocheka ni wanawake. Aina ya oili ilikuwa imeandikwa kwenye kijiti chenyewe, pale juu, na Henry alikishika kila asubuhi bila kusoma. Mwelu alikuwa amekuja na mkebe wa aina hiyo kwenye kikapu. Akamimina kwa faneli nyembamba kupitia shimo la kijiti, kikombe kimoja, akapima. Nusu kikombe, akapima. Kaluki akamwambia amimine tu yote waende, jua ni kali. Akakataa. Ikizidi inatoa povu, akasema, na povu halisukumi gari. Jua likawachoma wote mpaka oili ilipofika kwenye alama ya moto.

Kaluki akapanda mbele, wanawake wanne nyuma, Henry akaendesha kuelekea mlima wa dukani. Injini ilisikika mpaka kileleni na haikulia hata mara moja.

"Itakufa tu," Rodgers akasema waliporudi.

"Inaweza," Mwelu akajibu, akiwatazama wanachama, si yeye. "Sitawadanganya. Imeumia kidogo. Mwezi ujao oili yote imwagwe, iwekwe mpya, na chujio lake lioshwe. Ikipata hivyo itabeba maharagwe miaka. Isipopata, huyu arudi aichukue."

Mikono ishirini na mmoja ikainuka kuizuia gari isiuzwe. Henry akamwekea Kaluki ufunguo mkononi, akasema kwa sauti kubwa kwamba hawezi kufundishwa na muuza uji. Akasimama hapo akingoja kubembelezwa. Hakuna aliyembembeleza, na baada ya muda koti lilianza kumpa joto.

"Mrudishie," Mwelu akasema. "Kuendesha anajua, na mimi sina leseni. Ila bonati asifungue nikiwa sipo."

Jumatatu, kabla magunia hayajapakiwa, gari ilikuwa imesimama kwenye uwanja wa kanisa, ina moto, injini inawaka, bonati imefungwa. Henry alikuwa ndani, ametazama mbele kama mtu anayengoja kunyolewa. Mwelu alimwona tangu akiwa kwake mlangoni. Akamaliza kwanza chai yake, akawafungulia kuku, ndipo akachukua kitambaa cha kupangusia kijiti, akashuka.