Kopo Lililogeuzwa Ukutani

Nakumbuka Jumatatu moja kule bondeni Luberizi, mwanangu, ambayo hadi leo ikinijia mawazoni naweka chini kikombe changu cha chai. Nimesikia umekabidhiwa farmasi ya kituo cha afya, na kwamba una wasaidizi wawili chini yako. Nimefurahi. Lakini nimeogopa pia, na nataka ujue woga huo umetoka wapi.

Nilikuwa na umri kama wako. Nilitoka shuleni na diploma mpya, nikapewa farmasi ya kituo kidogo, chumba kimoja chenye dirisha la kutolea dawa. Humo nilimkuta Mama Nabintu, msaidizi wa farmasi ambaye hakuwa na diploma yoyote. Alifundishwa kazi na masista, miaka mingi kabla yangu, na wagonjwa wote wa bonde walimjua kwa jina. Makopo ya dawa za hatari aliyafunga vitambaa vyekundu na kuyaweka peke yake kwenye rafu ya chini. Mimi nikaona uchafu. Nikavifungua vitambaa vile mbele ya wagonjwa, nikayapanga makopo yote upya kwa herufi, kama tulivyofundishwa, na nikamwambia Mama Nabintu kwamba farmasi si jiko la mtu.

Kila siku nilimtafutia kosa, na kila kosa nililisema kwa sauti. Mwezi wa tatu tangu nifike, alikuja asubuhi, akatundika koti lake jeupe kwenye msumari, akaniaga kwa heshima, akarudi kwake mjini Uvira.

Nilihitaji mtu haraka. Nikamchukua Solange, binti aliyemaliza shule ya sekondari, mpole, mwandiko wake mzuri, aliyeniita Shefu, yaani mkubwa wake wa kazi. Kumfundisha kwangu kulikuwa kumwonyesha rafu na kumwambia asome majina. Mara mbili aliniuliza jambo, na mara zote mbili nilimuuliza kama shuleni alikuwa analala. Baada ya hapo hakuuliza tena. Nikadhani ameelewa.

Jumatatu ilikuwa siku ya wajawazito. Asubuhi ile nilipaswa kwenda Uvira kuchukua dawa, nikamwachia Solange dirisha peke yake, wiki ya pili tu tangu aanze. Niliporudi mchana kituo kilikuwa kimya. Solange alikuwa ameketi kwenye kiti, mikono ameibana katikati ya magoti. Niliposimama kuweka mizigo yangu nikaona kopo moja kwenye rafu limegeuzwa, maandishi yake yanatazama ukuta.

Nikaligeuza. Ilikuwa dawa ya kisukari, mojawapo ya zile ambazo Mama Nabintu alizifunga vitambaa vyekundu. Nikaona pia kwamba kopo la jirani yake, la dawa ya kuongeza damu tunayowapa wajawazito, lilikuwa bado limejaa.

Nilimuuliza amewapa nini wale akina mama. Machozi yakamtoka, akanionyesha lile kopo la kisukari. Aligundua tangu saa nne, aliposoma lile kopo vizuri. Wanawake watatu walikuwa wameshaondoka na vidonge vyao, naye akafunga dirisha, hakumpa mwingine. Nikamuuliza kwa nini hakukimbia kumwambia Papa Kashindi, muuguzi mkuu wa kituo, ambaye alikuwa chumba cha pili tu.

"Nilikuwa naogopa weye, Shefu," alisema. "Niliona vile ulimufanyia Mama Nabintu."

Mwanangu, dawa ile ikimwingia mtu asiye na kisukari inamaliza sukari yote mwilini. Anatoka jasho, anatetemeka, anapoteza fahamu, na anaweza asizinduke. Na hawa walikuwa na watoto tumboni. Nilimwita Papa Kashindi, tukafungua daftari la kliniki, tukaandika majina matatu na vijiji vyao, tukapanda pikipiki yake. Siku hizo simu hatukuwa nazo. Njia nzima nilikuwa nahesabu saa: kutoka saa nne, saa tano, saa sita.

Wa kwanza alikaa nyuma ya soko. Vidonge vilikuwa vimefungwa kwenye pindo la kitenge chake, hajavigusa, kwa sababu alisubiri kwanza ale. Wa pili tulimkuta shambani, magoti ndani ya maji ya mpunga. Alikuwa amemeza kimoja, lakini alikula ugali na dagaa vya kutosha. Tulimpa chai yenye sukari nyingi na mume wake akamleta kituoni kwa baiskeli.

Wa tatu alitoka Mutarule. Tulipokaribia nyumba yake tuliona wanawake wamekusanyika uani, na nikamwomba Papa Kashindi asimame, maana niliogopa kufika. Hakusimama. Ndani, yule mama alikuwa amelala kwenye mkeka, nguo imemlowa jasho, anamwita mama yake aliyekufa zamani. Mama mkwe wake alikuwa ametuma watu waite kikundi cha maombi, akiamini ni mkono wa mtu mbaya. Mkono ulikuwa wangu, na nilikuwa nimesimama mlangoni kwake.

Alikuwa bado anaweza kumeza. Papa Kashindi aliomba sukari, akaikoroga kwenye maji, tukamnywesha kidogo kidogo huku nimemshika kichwa. Sijawahi kutazama midomo ya mtu kama nilivyotazama ile. Baada ya muda macho yake yalitulia, akauliza kwa nini nyumba imejaa watu. Tulimbeba hadi kituoni, akawekewa maji ya sukari kwenye mshipa, akakaa siku mbili, na siku hizo mbili sikutoka kando ya kitanda chake. Alijifungua miezi miwili baadaye, mtoto mzima. Lakini mimi hadi leo naiona midomo ile.

Mume wake alipokuja kutuuliza imekuwaje, nilianza kusema kwamba kuna msichana mpya ambaye alikosea. Papa Kashindi alinikatiza taratibu.

"Na nani alimufundisha?"

Ndipo nilipomwambia yule mume ukweli wote, tangu vitambaa vyekundu hadi safari yangu ya Uvira. Alinisikiliza hadi mwisho, akaenda kukaa kando ya mke wake.

Solange alitaka kukimbia kazi, na kamati ya kituo ilitaka kumfukuza. Wiki hiyo hiyo nilikwenda Uvira, nikamkuta Mama Nabintu anaanika dagaa mbele ya nyumba yake karibu na ziwa. Nilimwomba msamaha nikiwa nimesimama, kwa sababu hakunipa kiti. Nikamwambia kila kitu.

"Nitarudi kama ule mutoto anabakia," alisema. "Ukimufukuza, mwenye atakuja nyuma yake atajua kuficha zaidi. Na weye utakaa naye ku dirisha, mupaka asikuogope."

Kamati nilikwenda kuiomba mwenyewe. Solange alibaki. Mwaka mzima tulitoa dawa wawili wawili, mmoja anasoma jina la dawa kwa sauti, mwingine anatazama kopo. Mama Nabintu alirudi na vitambaa vyake, na mimi ndiye niliyevifunga. Nilipohamishwa baada ya miaka mingi, Solange ndiye aliyeshika farmasi ile.

Kwa hiyo, mwanangu, nakuambia wazi. Usimpe mtu dirisha kabla hujakaa naye pale siku za kutosha. Akikuuliza jambo mara kumi, mjibu mara kumi, maana siku atakayoacha kuuliza ndiyo siku ya kuogopa. Akikosea, kwanza mkimbilie mgonjwa, maneno mengine yatafuata, nayo uyaseme mlango umefungwa. Na yule wa zamani uliyemkuta kazini, hata kama hana karatasi, muulize kwa nini anafanya anavyofanya kabla hujabadilisha. Watu kama hao wakiondoka, wanaondoka na kitu ambacho hakikuandikwa popote.

Mungu aiongoze mikono yako na ya hao walio chini yako, na kila mama atakayepokea dawa dirishani kwako afike nyumbani salama, ale, alale, aamke.