Dada, Toa Mkono

Wodi yetu ya watoto haikuwa na shida ya kukariri majina ya wauguzi wapya. Kila aliyetoka chuoni tulimwita Mgeni, na mara nyingi aliondoka kabla hatujalazimika kumwita vingine. Ukiuliza kwa nini wanakimbia, utaambiwa mshahara mdogo, vijana wa siku hizi wavivu. Uongo mtupu. Mshahara ni mdogo kwetu sote. Wanakimbia kwa sababu tunawakabidhi wodi siku ya kwanza, tunawapa kisogo, halafu wakikosea tunawacheka chumba cha chai.

Mgeni ninayemsema alikuwa mwembamba, mpole wa sauti. Kilichomshinda ni mishipa ya watoto. Asubuhi moja alitakiwa kumwekea dripu mtoto wa mama muuza nguo. Akachoma mkono huu, mkono ule, mguu, wapi. Mama akamnyang'anya mwanawe.

"Nenda kajifunzie kwa mtoto wako," akamwambia mbele ya wodi nzima.

Nikaja mimi, nikaupata mshipa, nikaendelea na wagonjwa wengine. Baadaye nikamkuta Mgeni chumba cha kubadilishia nguo, macho mekundu, gauni la kazi limekunjwa ndani ya mfuko, tayari kurudishwa kwa msimamizi.

"Ndiyo unaondoka?"

"Inategemea na wewe, dada."

"Mimi tena?"

"Kazi naitaka. Lakini sitamchoma mtoto mwingine kwa kubahatisha. Nifundishe, au narudisha gauni."

"Nikufundishe kwa nani? Watoto wa watu si daftari la mazoezi."

"Kwako."

Ana uso mkavu, huyo binti. Mimi ni mnene, mishipa yangu imejificha kama ya mtoto mchanga, na yeye alishaliona hilo. Nikakaa kitini, nikatoa mkono huku nalalamika. Nikamwambia aache kuutafuta mshipa kwa macho, aupapase kwa kidole. Akachoma, akakosa. Akachoma tena. Chozi likanitoka, nikamtukana kidogo.

"Samahani, dada," akasema, akaomba mkono wa pili.

Ikawa hivyo hivyo kila baada ya zamu, mpaka mume wangu akataka kujua nani ananipiga kazini.

Halafu yule muuza nguo akarudi. Mtoto anaharisha, macho yameingia ndani. Kumwona tu Mgeni, akamkumbatia mwanawe, akageukia ukuta. Mimi niko mlangoni, roho juu juu. Nilijua akifukuzwa safari hii, gauni linarudi kweli.

Hakujificha. "Ndiyo mimi yule, mama," akasema. "Leo nishikie mkono wake vizuri, asitikisike."

Mama akanitazama. Nilitamani kuingilia, nikajizuia. Akaushika mkono wa mwanawe. Mgeni akafumba macho, akapapasa taratibu, akayafumbua, akachoma mara moja. Dripu ikaanza kudondoka.

"Kumbe," mama akasema, akavuta kiti akakaa.

Gauni halikurudi, na siku hizi tunamwita kwa jina lake. Juzi tumeletewa muuguzi mwingine kutoka chuoni, naye mishipa ya watoto inamshinda. Yule Mgeni wetu wa zamani akanijia naye moja kwa moja.

"Dada, toa mkono."

"Leo toa wako," nikamwambia. "Mimi nimechoka kuchomwa."

Akapandisha mkono wa sweta anionyeshe. Mkono wake ulikuwa umejaa alama za sindano tayari.