Jumamosi Sita za Annette

Siku Katungu Annette alipokabidhiwa funguo za depo, wanawake wenzake walimpigia vigelegele mpaka madereva wa malori wakashuka kuuliza harusi ni ya nani. Wiki iliyofuata, saa sita mchana, aliwakuta wakila nyuma ya magunia ya chumvi kama kawaida yao, naye akavuta ndoo aketi. Mazungumzo yakakatika. Mmoja akampisha mahali pazuri, mwingine akakumbuka ana kazi mbele. Hakuna aliyemchukia. Lakini utamsemaje bosi wakati bosi mwenyewe ameketi hapo hapo akimega tonge? Tangu siku hiyo Annette alikula peke yake ofisini, mlango ukiwa wazi, kwa miaka tisa.

Alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza depo katika nyumba ya biashara ya Papa Kataliko Timothée, wauzaji wa jumla wa sabuni, sukari, chumvi na saruji. Alikuja Kisangani kutoka Butembo akiwa bibi harusi, akamzika mumewe hapa, watoto hawakujaliwa. Ndugu zake walimwambia arudi. Arudi kufanya nini? Kazi alikuwa nayo na aliijua barabara. Lori likiingia, aliyatazama tu matairi yalivyokaa akajua kama mzigo umepungua njiani. Nyumbani alikuwa na redio. Redio inasema sana, lakini haimuulizi mtu ameamkaje.

Ndipo Papa Kataliko, mzee asiyeamini hata saa ya mkononi mwake, akarudi kutoka mkutano wa wafanyabiashara akiwa na wazo. Wanawake vijana wa kampuni watafutiwe marraine, mwanamke mkubwa wa kuwafundisha kuongoza. Watakutana Jumamosi sita, baada ya kufunga kazi. Mwishoni marraine atajaza karatasi: binti yuko tayari, au hayuko tayari. Asipokuwa tayari, waanze sita nyingine. Atakayekuwa tayari atapewa depo, na ya kwanza ilikuwa inafunguliwa Ubundu, mbali na Kisangani.

Sasa, marraine si neno la kuchezea katika mji huu. Marraine ndiye aliyekushika siku ya ubatizo, au aliyekaa mbele kabisa siku ya harusi yako. Ukigombana na mume unakimbilia kwake, na ukizaa binti huenda akabeba jina lake. Ni wa maisha. Papa Kataliko alilichukua neno hilo zito akalipimia Jumamosi sita. Annette alipoisoma karatasi alielewa vizuri kabisa bosi wake anataka nini. Moyo wake ndio uliokataa kuelewa.

Alipewa Benie, karani wa depo yake mwenyewe, wa miaka ishirini na sita, binti wa mama muuza samaki. Jumamosi ya kwanza walikaa ofisini kama watu waliokutana kwa daktari. Ya pili Annette akasema ofisini kuna joto, waende kwake. Ya tatu Benie akaingia jikoni bila kuombwa, akatafuta kinu, asikione.

"Marraine! Miaka yote hii Kisangani na haujuaka kutwanga lituma?"

Akaazima kinu kwa jirani, wakatwanga ndizi zilizochemshwa, mmoja akipiga, mwingine akigeuza. Mafunzo yalifanyika hapo hapo, katikati ya matonge. Unamkosoaje mwanamume wa umri wa baba yako bila kumvunjia heshima mbele za watu? Lori likikwama porini siku tatu na wateja wamejaa mlangoni, unawaambia nini? Benie alijibu kwa utulivu, na majibu yake yalikuwa mazuri kuliko ya Annette. Siku ile Annette alijua kwamba binti huyu ataongoza, tena vizuri. Alijua pia kwamba amecheka kwa sauti nyumbani mwake, jambo ambalo hakukumbuka mara ya mwisho lilikuwa lini.

Jumamosi ya sita ilifika haraka mno. Kesho yake, alipotoka misa, Annette aliketi mezani na karatasi. Akaandika: hayuko tayari. Sababu: aongeze ukali.

Tusimsafishe. Aliandika uongo, tena kwa mwandiko mzuri, huku akiiona Ubundu mbele ya macho yake ikimmeza mtoto wa watu.

Papa Kataliko alifurahi. "Mama Annette, mi napenda ivi. Bamarraine bengine bote balisema tayari, tayari. Wewe unakazaka! Bon, turudilie. Lakini kama na izi sita zinaisha na mutoto haiko tayari, nitatuma ule karani mwingine, Osée, kule Ubundu."

Annette akapata Jumamosi zake. Benie yule wa kinu hakumpata. Aliyekuja alikuwa kama binti mwingine, mwenye daftari, aliyeketi ukingoni mwa kiti na kuomba ruhusa anywe maji. Jikoni hakuingia. Kila alichosema Annette, hata habari za mvua, alikiandika. Na kule depo, asubuhi moja, Benie alimfokea mzee Gédeon, mpakuaji wa siku nyingi, kwa sababu ya katoni moja ya sabuni iliyoanguka. Mzee aliinama akaiokota. Benie akageuka kutazama kama Annette ameuona ukali huo.

Annette aliona. Aliona haya, akaketi juu ya magunia ya saruji na nguo zake safi.

Jumamosi hiyo Benie aliweka kalamu chini. "Marraine, uniambie tu ukweli. Nilikosa wapi?"

"Haukukosa kitu." Annette alitazama mikono yake. "Tangu siku ya tatu ulikuwa tayari. Ni mimi. Niliogopa kubakia peke yangu."

Benie akafunga daftari, na macho yake yakajaa machozi ya hasira.

"Kwa hiyo tu? Ungeniambia: ukuje. Ningekuja. Ubundu haiko mwisho ya dunia, Marraine. Kila Jumamosi, kila siku ya posho, ningekuja."

Jumatatu, kabla ya kufungua depo, Annette alipanda kwa Papa Kataliko akamweleza yote, akiwa amesimama. Mzee alimsikiliza hadi mwisho. Akararua karatasi, akamwandikia Benie barua ya Ubundu, na jina la Annette akalifuta kwenye orodha ya marraine. Hakumfokea. Alisema tu kwamba atafutwe mwingine, mwenye nyumba iliyojaa watu.

Siku ya safari Annette alivuka mto hadi Lubunga, ng'ambo, kunakoanzia barabara ya Ubundu. Benie alikuwa tayari juu ya pikipiki, mkoba mgongoni, mama yake akimfunga kitambaa kichwani kwa ajili ya vumbi. Tangu nyumbani Annette alikuwa amepanga maneno mengi. Alisogea mpaka karibu na gurudumu, na lililotoka ni moja tu.

"Benie, siku ya posho, ukuje."

Benie alimtazama kwa heshima, kama karani anavyomtazama mkuu wake.

"Tutaona, Madame."

Pikipiki ikaondoka. Mama yake Benie akamuaga Annette, akaenda zake sokoni. Annette akashuka ufukoni, akaketi katika mtumbwi pamoja na wengine, wakasubiri abiria wawili waliopungua.